Breki za Bwana Shauri

Jamani, hiki ninachowaambia hamtaamini, na msiseme naongeza chumvi. Kuna mtu alisimamisha gari kwa viatu vya Mjerumani, na Mjerumani mwenyewe kakaa humo humo!

Ni enzi za Wajerumani, Morogoro. Bwana Shauri, mkubwa wa boma, akaamua sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, mfalme wao, iwe na mashindano: magari mawili ya mbao, hakuna ng'ombe, hakuna punda, yanaachiwa huko juu Uluguru yateremke yenyewe mpaka Bigwa. La misheni anaendesha Alois, mkulima wa kabichi. La boma anaendesha Pazi, seremala, Mluguru mwenye mdomo mrefu kuliko barabara yenyewe. Bwana Shauri atakaa nyuma, anapunga mkono.

Shida breki. Breki ilikuwa kipande cha mti tu, unavuta mpini, kinabana gurudumu. Pazi akajaribu mvule. Unashika, lakini unalia kama mbuzi anachinjwa.

"Kelele hizo ni matusi kwa Kaisari," Bwana Shauri akasema. "Breki ikilia, viboko. Gari likianguka, viboko."

Pazi akaweka msufi, mti laini. Kimya! Ila kona mbili tu, umeungua umekuwa mkaa.

Akaenda kulia kwa Stambuli, mtumishi wa Bwana Shauri, Mnyamwezi, mtani wake.

"We Mluguru, umezaliwa mlimani halafu kuteremka hujui?"

"Cheka tu. Nikifa utanizika wewe."

"Nakuzika na gari lako."

"Mtani, nataka ngozi. Ngozi nene hailii, haiwaki upesi. Naitoa wapi?"

Stambuli akaingia ndani, akatoka na buti nyeusi za gwaride, zinang'aa.

"Wee! Za bwana hizo!"

"Mtani akichukua kitu changu, nakasirika?"

"Hukasiriki."

"Basi. Mimi nala kwa bwana, navaa kwa bwana. Vyake vyangu. Chukua."

Na Pazi, kwa akili zake timamu, akaona hoja imenyooka! Akakata soli, akazigongomea kwenye breki.

Siku ya siku, Bwana Shauri akapanda kavaa makubazi.

"Buti zangu za kupokelea zawadi?"

"Zipo kwenye gari, bwana," Stambuli akajibu, naye akadandia kwa nyuma. Wala hakudanganya.

Yakaachiwa! Alois yeye kaweka breki ya mgomba mbichi, anasema una maji, hautapata moto. Kweli haukupata. Ukawa uji, gari likaingia kwenye shamba lake mwenyewe, kabichi zikaruka! Pazi huku anabana, anaachia, anabana, anaachia, ngozi ipate upepo. Hakuna kelele. Harufu tu, kama mtu anababua kwato.

Bwana Shauri akanusa. "Wanachoma nyama ya sherehe?"

"Ndiyo, bwana," Pazi akajibu.

Bigwa hiyo hapo, gari likasimama tuli mbele ya meza ya zawadi. Vigelegele!

"Leteni buti!"

Vigelegele vikakatika. Stambuli akawa anaangalia mlima kama ndiyo kwanza anauona. Bwana Shauri akainama kuzitafuta kwenye gari. Pale gurudumuni kisigino cha buti yake kinafuka moshi.

"Hii nini?"

"Ni utani, bwana," Pazi akasema.

"Utani ni nini?"

Askari keshashika kiboko. Mtu umemwokoa roho kwa buti zake mwenyewe, tangu ashuke melini hajacheka hata siku moja, na anasubiri umweleze utani. Ungekuwa wewe Pazi, ungemwambia nini?