Ua la Nane

Jioni ile dada yangu Ampon aliacha sufuria motoni, akatoka mbio na mwiko mkononi, akapiga yowe lililowatawanya bata wa jirani.

"Oi! Oi wee! Njoo uone, linafunguka!"

Oi ni mimi. Nilikimbia peku. Pale barazani, katika chungu chetu kilichochorwa joka, poisian yake, ule mmea wa maua, ilikuwa imesimama na miiba yake yote. Kileleni kikonyo kimoja kilikuwa kimebeba maua saba mekundu, yamechanua wazi. La nane lilikuwa bado tumba, ila limeachia mdomo kidogo na wekundu unachungulia. Nilihesabu kwa kidole bila kugusa, nikahesabu tena, kisha nikaanza kurukaruka kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

Miaka ile nchi nzima ilikuwa imepata wazimu wa poisian. Ni maua ya wale watakatifu wanane wa Kichina, na yakichanua manane pamoja kwenye kikonyo kimoja, basi nyumba hiyo imebarikiwa. Watu wa kwetu Ratchaburi walizipa poisian zao majina ya kifalme, wengine wakazifunga utepe. Sisi hatukuwa na utepe. Sisi tulikuwa na harusi iliyoning'inia kwenye kikonyo.

Ilikuwa hivi. Heng, mwenye duka la tambi ng'ambo ya mto, alipokuja na shangazi yake kumposa Ampon, mama yetu hakusema ndiyo wala hapana. Heng alikuwa amemletea Ampon kipande cha poisian kilichofungwa gazetini, na vidole vyake vimetobolewa na miiba. Mama akakitazama, akafikicha jicho kama kawaida yake akiwa na mawazo, akasema mbele ya watu wote:

"Kipandeni hicho. Siku kitakapotoa maua manane, yote wazi kwa pamoja, siku hiyo tutapanga harusi."

Shangazi Sim akapiga makofi. Watu wa asili ya Kichina na namba nane ni chanda na pete. Akaongeza lake papo hapo: "Na yakiishia saba, mimi simchukui. Saba ni ya mizimu."

Heng akakohoa. Ampon akainamisha kichwa. Mimi nilitamani niwapige wote kwa ufagio, lakini nani anamsikiliza mtoto wa mwisho?

Ampon hakulalamika. Alikiacha kile kipande kivulini mpaka utomvu ukakauka, maana ukikipanda kibichi kinaoza. Akakichanganyia udongo na majani makavu na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, ili maji yasituame. Akakiweka panapopigwa na jua kutwa nzima. Alikimwagilia asubuhi, kwenye udongo tu, kamwe si juu ya maua. Alipopogoa alinawa mikono kwa sabuni, maana utomvu wa poisian ni mweupe kama maziwa, lakini ukikuingia jichoni utalia mpaka uwataje waliokufa. Mimi ningeimwagilia hata supu kama ingechanua upesi. Mwenzangu alingoja.

Na ilichanua, tena vizuri. Lakini kila ilipochanua ilikwama kwenye saba. Mara ya kwanza tukasema ni joto. Mara ya pili tukasema ni ndege. Mara iliyofuata nilimtukana jogoo wa Uan, jirani yetu, na Uan mwenyewe anasikia, tukanuniana msimu mzima. Kila mara ilikuwa vilevile: unaamka asubuhi, tumba la nane halipo, pamebaki tone jeupe lililokauka. Mama husimama nyuma yetu, jicho limemvimba, jekundu, machozi yanamtiririka.

"Moshi wa kuni huu utaniua," husema. "Na bahati, wanangu, haikimbizwi."

Hapo Ampon huchota maji mtungini, humkalisha Mama kwenye ngazi, na kumwosha jicho taratibu, bila neno.

Sasa basi jioni ile tumba lilikuwa limefunguka mdomo. Halijawahi kufika hapo! Ampon bado alikuwa na mwiko mkononi, mchuzi wa nazi unamdondokea miguuni. Mama akatoka jikoni, akatazama, akafikicha jicho.

"Saba," akasema.

"Na tumba, Mama!"

"Tumba si ua, Oi."

"Kesho litakuwa ua. Leo nalala hapahapa barazani na panga. Huyo ndege akija atakutana na mimi."

"Ulale nje, umande ukukamate kifua, halafu kesho nani aende kiwanda cha vyungu kuchora hayo majoka yenu? Ingia ndani."

Nikasema basi tukiingize chungu ndani. Ampon akakataa. Poisian iliyo katika kuchanua haisogezwi, itaangusha kila kitu kwa hasira. Ikabaki pale.

Kosa langu ni mdomo. Nilikuwa na furaha isiyoweza kuenea nyumbani, nikapanda kwenye ndoo, nikamwita Uan juu ya ukuta, tukasahau jogoo.

"Manane?" Uan akashika kifua. "Unasema manane, na bahati nasibu inachezwa kesho?"

"Bado tumba moja, Dada Uan. Usimwambie mtu."

"Mimi? Nimwambie nani mimi?"

Asubuhi niliamshwa na makelele. Nilidhani moto. Nikachungulia dirishani nikaona mtaa mzima uko uani kwetu: wauza mboga na vikapu vyao, fundi baiskeli, walimu wawili, bibi mmoja aliyebebwa na mjukuu mgongoni, watu wamewasha ubani. Ampon hakuwepo, alikuwa ameenda mwisho wa kichochoro kuwapa watawa sadaka ya chakula cha asubuhi. Na mbele ya wote, akiwa amepiga magoti kwenye chungu chetu, Uan alikuwa na kopo la poda ya watoto.

Mnajua watu wetu. Wakiona mti wa ajabu, hata mgomba uliozaa kombo, watausugua poda mpaka namba za bahati nasibu zijitokeze. Uan alikuwa anakisugua chungu kama anamwogesha mtoto mchanga.

"Naona tano! Tano hiyo, wazi kabisa!"

"Tano wapi? Huo ni mkia wa joka, mama!"

"Basi mbona umekunjwa kama tano?"

"Kwa sababu ni mkia!"

"Nisogezee poda huku. Mimi naona tisa kwenye sikio lake."

Nikatoka nikisukuma watu. "Maua! Yako mangapi? Nani kahesabu maua?" Hakuna aliyenijibu, wote macho yako chunguni. Hapo ndipo pikipiki ya Heng iliposimama getini, Shangazi Sim nyuma yake amekumbatia mfuko wa machungwa. Habari zilikuwa zimeshavuka mto. Heng alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na nywele zimelowa maji. Maskini, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuoa.

"Nipisheni nione," alisema Shangazi Sim.

Uan akainuka ampishe. Shali lake lilikuwa limenasa kwenye miiba. Akalivuta. Likakataa. Akalivuta kwa nguvu, na sote tukasikia tawi likikatika.

Lilianguka katikati ya miguu, na miguu ile yote ikaruka kwa mshtuko, na wapi pa kutua isipokuwa juu yake? Watu walipotulia, tawi lilikuwa uchi. Maua yalikuwa yametapakaa sakafuni katika poda, yamechanika na kukanyagwa.

"Msisogee!" nilipiga kelele. "Atakayenyanyua mguu namng'ata!"

Kila ua la poisian lina petali mbili. Nikapiga magoti nikaanza kuziokota, moja moja, nikizipanga juu ya jani la mgomba. Heng naye akapiga magoti na suruali yake mpya. Mtaa mzima ukahesabu nasi kwa sauti, kama watoto shuleni. Tulikuta nyingine chini ya ndala, nyingine ndani ya kikapu cha mnafu. Tukafika kumi na nne. Tukapata ya kumi na tano! Watu wakashangilia. Ya kumi na sita hatukuiona. Tuliinua mkeka, tulikung'uta shali la Uan, tulimgeuza yule bibi na mjukuu wake. Haikuwepo.

"Kumi na tano si kumi na sita," alisema Shangazi Sim.

"Jamani, ua gani lina petali moja?" nilisema. "Ni manane!"

"Au saba, na kipande kimoja kimepasuka kikawa viwili. Hebu angalia hii, imechanika. Tumba kama halikufunguka?" Hakuwa anasema kwa ubaya, alikuwa ameshika machungwa yake na ameogopa kweli. "Nani aliyaona manane? Kwa macho yake? Nielezeni."

Uan akafungua mdomo, akakumbuka mkia wa joka, akaufunga. Wote walikuwa wamekuja kuona maua, na wote walikuwa wametazama chungu. Mimi mwenyewe, mwenye kelele kuliko wote, sikuwa nimeona ila migongo.

Ampon alikuwa amesimama getini na bakuli tupu la sadaka. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Alilitazama lile tawi sakafuni. Nilitamani kumrukia Uan nimnyonyoe nywele.

"Basi," Shangazi Sim alisema kwa sauti ya chini. "Heng, twende. Saba nimeshasema."

"Manane."

Tuligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ameifunga ndani ya khanga yake ya kiunoni.

"Yalikuwa manane," alisema tena. "Niliyahesabu mimi."

"Lini, Mama Lamun?" aliuliza Shangazi Sim, akimwita Mama kwa jina lake.

"Alfajiri. Nyinyi wote mmelala."

"Ulikuwa unafanya nini nje alfajiri?"

Mama yangu, aliyewahi kumtimua mbwa mwenye kichaa kwa kijiti, aliinamisha macho.

"Nilikwenda kulichuma," alisema. "Kama nilivyochuma mengine."

Uan alikaa chini palepale, juu ya poda.

"Kwetu mwanamume huhamia kwa mkewe," alisema Mama. "Kwenu, Shangazi Sim, mke ndiye anayeondoka. Baba yao hayupo. Huyu Oi kutwa yuko kiwandani. Ampon ndiye ninayekuna naye nazi, ndiye ninayegombana naye jikoni. Nikasema, angalau msimu huu tu. Halafu msimu mwingine tena. Leo nimelishika hivi, katikati ya vidole. Lilikuwa limekwisha chanua. Nikayahesabu yote, manane, mazuri mno, mekundu kama midomo ya bibi harusi. Nikashindwa."

"Nani atatuhakikishia?" mtu mmoja aliguna nyuma.

Mama akasogea mbele, juani, akajivuta chini kope za macho yote mawili kwa mpigo.

"Tazameni. Kila nilipochuma, utomvu ulinishika vidoleni, na mimi na mkono wangu huu wa kufikicha mnatujua. Leo wekundu wa jicho uko wapi? Tazameni! Jeupe kama yai."

Shangazi Sim akasogea, akavaa miwani, akalichungulia jicho lile kwa muda kama anayechagua samaki sokoni. Kisha akaliangalia na la pili.

"Safi," alisema. "Jamani, jicho ni safi. Ni manane!"

Mayowe yaliyotoka pale! Fundi baiskeli alimkumbatia mwalimu. Uan alilia kwa sauti akidai msamaha na papo hapo akiuliza kama nane iandikwe mbele au nyuma. Machungwa yalimwagika. Nilikuwa naruka na huku nimemkasirikia Mama mpaka masikio yananiwaka. Miaka yote ile nimemtukana jogoo wa watu bure!

Ampon alipita katikati yao wote mpaka mbele ya Mama.

"Mwanangu," Mama alisema, "nitukane tu."

"Nikutukane kwa lipi? Mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Mama, nani aliyekuwa anakuosha hilo jicho? Moshi hauachi maziwa kwenye kope."

Mama akamshika mkono. "Na ukanyamaza? Ukaendelea kumwagilia? Ulikuwa unangoja nini?"

"Sikuwa nangoja ua," alisema Ampon. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Hapo Mama akashindwa kujizuia. Akainama aifiche sura yake, akajifanya anaokota lile tawi, akisema kwamba halijafa, kwamba likikatwa na kukaushwa kivulini litatoa miche, mmoja ubaki hapa na mmoja uende ng'ambo, na daraja lenyewe liko karibu, atakuwa anakuja kuukagua kila siku, hata wakimwita hana haya. Alikuwa analia na kusema kwa pamoja, tawi mkononi, utomvu mweupe unamchuruzika vidoleni, na machozi yakamzidi.

"Mama, mikono!" nilipiga kelele.

"Mama Lamun, usiguse!" mtaa mzima ukapiga kelele.

Alikuwa amekwisha fikicha.

Wee, kilio! Watu wakatawanyika kutafuta maji, wengine wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ampon ndiye aliyemshika mkono, akamkalisha kwenye ngazi palepale pa siku zote, akamwinua kidevu na kuanza kumwosha jicho taratibu. Heng alipiga magoti kando yao na suruali yake yenye poda, akashika bakuli.