Maji Yaliyolala

"Sema ni wewe, Mama Theuri," mwalimu mkuu alimwambia. "Sema uliosha chupa na sabuni. Afisa atacheka kidogo, yataisha. Na ile barua yako nitaisaini leo leo."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba asogezewe kiti. Wachuka alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la tano, ufagio mkononi, akiwatazama samaki wake wanne wanavyoelea matumbo juu. Angefungua mdomo wakati ule angetamka maneno ambayo mama mtu mzima, tena Mkristo, hatamki mbele ya watoto.

Kwanza ijulikane barua yenyewe ilikuwa barua gani. Wachuka alikuwa amefagia shule ile ya karibu na mtaa wa Skuta tangu mwaka ambao bendera ilibadilishwa, na sasa ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Miaka tisa ya kufagia, kupika chai ya walimu na kufua mapazia, na miaka yote tisa yeye ni kibarua. Kibarua ni mtu anayeweza kuambiwa kesho usije. Mwaka uliotangulia aliugua kifua wiki mbili, na aliporudi alikuta mwanamke mwingine ameshika ufagio wake, tena amevaa aproni yake. Ilibidi alie mbele ya ofisi ndipo arudishwe. Barua ile ingemfanya mfanyakazi wa kudumu, na hakuna ambaye angemfukuza tena kwa sababu ya kikohozi. Ilihitaji saini ya mwalimu mkuu, Bwana Gicheru, kisha muhuri wa afisa wa elimu. Na afisa alikuwa anakuja siku hiyo hiyo, saa nne unusu, na muhuri wake kwenye mkoba.

Samaki nao walikuwa na historia yao. Ufugaji wao ulianzishwa na Mwalimu Nehemiah, kijana kutoka magharibi aliyefundisha sayansi. Nehemiah aliomba chupa ya peremende dukani, ile kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, akaja nayo akicheka, akasema hii itakuwa ziwa letu. Mchanga waliuchota mto Chania. Wachuka ndiye aliyeuosha, mara saba, hadi maji yakatoka meupe, kisha akauchemsha kwenye sufuria ya zamani. Dada yake Murugi, aliyeolewa na mkulima wa mpunga kule Wang'uru, ndiye aliyeleta samaki wenyewe ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, pamoja na majani yanayoota majini. Vilikuwa visamaki vya mifereji ya mpunga vyenye urefu wa kidole cha mtoto, na madume yao yana doa jekundu mkiani.

Mwanzoni Wachuka aliwaogopa. Alizaliwa katika nyumba ambayo samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka, na marehemu mama yake asingekaa chumba kimoja na chupa ile. Lakini Nehemiah alimfundisha kwa subira, hakumcheka hata siku moja.

"Mama, hii maji ya mfereji iko na dawa ya kuua vidudu," alimwambia. "Na kwa hiyo dawa, samaki ni mdudu mkubwa tu. Weka maji kwa ndoo, wacha ilale siku mbili. Dawa itapanda juu iende zake. Halafu usitoe maji yote mara moja. Toa kikombe, weka kikombe."

Maji yalale. Wachuka alilipenda neno hilo. Nehemiah alipohamishwa, hakuna mwalimu aliyetaka kazi ya chupa, kwa hiyo ikabaki kwake. Kila jioni ya Julai, baridi ya mlima ikishuka, aliifunika chupa na sweta kuukuu la mwanawe Theuri, na rafu aliiomba ihamishiwe ukuta unaopakana na jikoni ili wapate joto la jiko. Aliwalisha kiini cha yai kilichosagwa, na viluwiluwi vya mbu alivyovichota kwenye pipa la mvua. Bwana Gicheru akipita alikuwa akisema, "Bado unalisha vinyoka vyako?" na walimu wengine wanacheka.

Na ili mtu asikosee, Wachuka alibandika karatasi kwenye chupa. Aliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, maana alikuwa amekaa miaka miwili kwenye masomo ya gumbaru, yale ya watu wazima, kila Jumamosi, akibanwa na dawati la watoto. Aliandika jinsi anavyosema: MAJI YARIYORARA TU.

Sasa sikia walichofanyiwa wale viumbe. Habari za afisa zilipofika, samaki waligeuka ghafla wakawa "mradi wa mwalimu mkuu". Asubuhi ya siku yenyewe, saa moja, Wachuka akiwa jikoni anamenya viazi vya mgeni, Gicheru aliingia darasani akaona maji yana rangi kidogo ya kijani, kama chai ya majani mabichi. Akaona na ile karatasi. Wachuka alipofika na kikombe chake cha kawaida alimkuta mikono ya koti imelowa hadi viwikoni, chupa inang'aa, na maji yote ni mapya, yametoka bombani dakika ile. Wiki hiyo mvua ilikuwa imechafua mto, na dawa iliyotiwa majini ilinuka hata kwenye chai.

"Mwalimu, umewaua," Wachuka alisema.

"Nimewasafisha," Gicheru alisema. "Wewe unaweza kumwonyesha mgeni kitu kilicholala? Hata chai iliyolala hatumpi mgeni, tunamwaga. Na hiyo karatasi yako ni aibu. Yariyorara ni kitu gani? Afisa aone hivyo, aseme shule yangu haijui kuandika?"

Karatasi ilikuwa kwenye kapu la takataka. Wachuka aliiokota, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. Ilipofika saa nne samaki wote wanne walikuwa wamekufa, na ndipo mwalimu mkuu alipokuja na upole wake na barua yake. Hebu fikiria. Mtu anaua, halafu anakuja kukuomba wewe uwe muuaji, tena anaona amekufanyia hisani.

Afisa alifika kwa wakati. Aliitwa Bwana Mbuvi, Mkamba mwembamba mwenye miwani, anayezungumza taratibu. Alikagua vitabu, akasifu mapazia, kisha akaingia darasa la tano na kwenda moja kwa moja kwenye chupa, maana alikuwa ameandikiwa habari zake. Aliinama akatazama. Watoto arobaini walinyoosha shingo.

"Hawa wamekufa," alisema.

"Ni bahati mbaya, bwana afisa," Gicheru alisema. "Ni huyu mama wetu wa kufagia. Alitaka kusafisha, akatia sabuni. Nia yake ilikuwa nzuri, lakini unajua hawa watu hawajasoma."

Wote wakamgeukia. Gicheru alimkazia macho, na Wachuka alijua macho yale yanasema nini. Yanasema barua. Aliiona akilini barua hiyo juu ya meza ya ofisini, iliyopigwa chapa, jina lake limekamilika na la baba yake. Aliuona pia ule ufagio katika mikono ya mwanamke mwingine. Neno lilikuwa moja tu, ndiyo, na lingekwisha. Ni samaki tu. Lakini lile la kutosoma lilimchoma. Miaka miwili kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, halafu uambiwe hujasoma na mtu aliyelitupa somo lako takatakani?

"Si mimi," alisema.

"Mama Theuri," Gicheru alisema taratibu.

"Si mimi, mwalimu. Ngojeni kidogo."

Alienda jikoni akarudi na ndoo ameikumbatia, maji yanamrukia aproni. Aliiweka chini mbele ya afisa. Mle ndani alikuwamo samaki mmoja wa kike, na pembeni mwake vitoto kama ishirini, vidogo kama punje za ulezi, vinakimbizana. Wachuka alikuwa amemtenga juzi alipoona tumbo limejaa, kwa sababu wale wengine hula watoto.

"Hii ndio maji yangu," alisema. "Imelala tangu Jumatatu. Kama ni mimi nimebadilisha, ningetumia hii. Na hii iko tu, imejaa. Nusa hiyo ya kwa chupa, bwana afisa, ni sabuni ama ni dawa? Halafu nusa yangu."

Bwana Mbuvi alinusa chupa, akakunja pua. Alinusa ndoo. Wachuka akatoa ile karatasi mfukoni, akainyoosha kwenye paja na kumpa. Afisa aliisoma, na hakucheka. Alimtazama Gicheru, kisha akaitazama ile mikono ya koti, ambayo ilikuwa imekauka lakini imeacha mstari mweupe wa maji viwikoni. Waswahili walisema njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni.

"Mama," afisa alisema, "waeleze watoto hiyo maji inalala namna gani."

Basi Wachuka akasimama mahali pa mwalimu, na aproni yake imelowa, akawaeleza. Dawa, siku mbili, kikombe kutoka, kikombe kuingia, sweta wakati wa baridi. Mwishoni akasema, "Na mtu akikuambia mgeni hapewi kitu kimelala, mwambie ni ukweli. Lakini samaki si mgeni. Samaki anakaa." Watoto walicheka, na msichana mmoja wa mbele akaandika maneno hayo kwenye daftari.

Ungedhani mambo yaliishia hapo vizuri. Ofisini, mlango ukiwa wazi, Wachuka akiwa ameshika birika kwenye ushoroba, alisikia afisa akifungua mkoba.

"Kulikuwa na barua ya kupigwa muhuri," Bwana Mbuvi alisema.

"Haijawa tayari, bwana," Gicheru alijibu. "Kuna mambo ya kuangalia upya."

Bwana Mbuvi aligeuka akamwona Wachuka pale mlangoni, na Wachuka akamtazama usoni, akingoja. Afisa alijua, alijua kila kitu. Alishusha macho, akafunga mkoba.

"Basi muhula ujao," alisema, akanywa chai yake, akaenda zake.

Wachuka aliosha vikombe vya watu wote wawili, kwa sababu vilikuwa kazi yake. Aliwazika samaki wanne chini ya ua wa shule kwa mwiko wa ugali. Kisha akavua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kiti cha jikoni, akatwaa sweta la Theuri, akafunika ndoo, akainyanyua. Alikuwa amefika langoni Gicheru alipomfuata.

"Mama Theuri, hao samaki unawapeleka wapi? Hiyo ni mali ya shule."

Wachuka hakuitua ndoo. Aligeuka polepole ili maji yasimwagike.

"Mali ya shule ilikufa asubuhi, mwalimu," alisema. "Andika hivyo kwa ripoti. Hawa wanaenda kulala kwangu."