Ncha ya Pili ya Ukanda

Uzee hauombi ruhusa. Kwa Abshiro uliingilia masikioni, msimu wa mvua uliopita, mbuzi walipoanza kulia kama wako mbali na kumbe wako mlangoni. Kufikia kiangazi kile cha mwaka wa arobaini na sita, kambi yao ikiwa nje kidogo ya Modogashe, hata kengele ya mti shingoni mwa ngamia ilicheza bila sauti. Hakumwambia mtu. Wenzake wakicheka, naye hucheka. Akiulizwa jambo, hujibu "Inshallah," neno lisilomkosea mtu, na watu wakamsifu kwa ucha Mungu.

Hofu yake ilikuwa na jina: Osob. Osob alikuwa rika lake. Masikio yalipoziba, wanawe walimpeleka Garissa kwa jamaa mwenye duka, kisha wakahama na mifugo yao. Mara ya mwisho Abshiro alimkuta nyuma ya duka, amekalia gunia, anatazama ukuta, mikono mapajani haina kazi. Afadhali kufa kwa kiu porini kuliko kuwa na mikono ile.

Yeye mikono yake ilikuwa na kazi mbili: kusukasuka maziwa, na kumwangalia mjukuu wake Awil, anayetambaa, wakati mkwewe Shukri amekwenda kisimani na mwanawe Kulow yuko mbali na ngamia. Maziwa hayakumtisha. Wengine husikia siagi inapojikusanya. Yeye aliihisi viganjani. Lakini mtoto humwangalii kwa viganja. Basi kila Shukri alipotoweka njiani, bibi alitoa ukanda wa ngozi, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mguu wa Awil na nyingine kwenye kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Mtoto akivuta, naye huvuta. Ulikuwa mchezo wao, na siri yao.

Siku hiyo alikifukiza chombo kwa kijinga cha mgunga, akamimina maziwa, akakipakata na kuanza kukisukasuka, mgongo kaupa uwanja. Ukanda ukavutwa. Akavuta. Ukavutwa tena, kwa nguvu zaidi, akatabasamu. "Tulia, baba, siagi inakuja." Hivyo hivyo wakajibizana, moyo wake umetulia tuli, mpaka bonge la siagi likagonga viganja. Ndipo akageuka kumlambisha mjukuu.

Alikuwa mwanambuzi. Amesimama na ukanda kinywani, ameshaukata karibu na fundo, anautafuna kwa raha zake kwa ajili ya chumvi ya jasho.

Abshiro akakiacha chombo, akainuka. "Awil!" Kibandani hamna. Nyuma ya kuni hamna. Tawi la miiba linaloziba mlango wa ua lilikuwa limesukumwa kando, na mchangani alama za magoti mawili madogo zilielekea nje. Ukame ule fisi hawakungoja giza. Juzi tu walinyakua kondoo mchana kweupe. Akatoka mbio, kwa miguu iliyokwisha kusahau mbio. "Awil! Awil!" Kisha akasimama. Hata mtoto akijibu, nani atamsikia? Huenda yuko nyuma ya kichaka hiki hiki, analia, na bibi yake atampita. Aliogopa kama hajapata kuogopa maishani. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Lakini kifo hiki kilichokuja kumuumbua hakikuwa chake.

Alama ziliishia penye mawe. Akapiga magoti, akaweka viganja chini, ardhi isimwambie kitu.

Mkono ukamshika bega. Akapiga yowe. Alikuwa Shukri, punda na maji nyuma yake, na ubavuni amembeba Awil aliyemwokota njiani, uso vumbi na machozi, mwiba gotini. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka Shukri. Ilionekana ameita sana. Midomo yake ilikwenda mbio, na mwishoni nyusi zikapanda, kama mtu anayeuliza.

"Insha..." Abshiro akaanza. Akalitazama lile goti. "Sisikii," akasema. "Tangu mvua, sisikii kitu, mwanangu. Msinipeleke Garissa."

Shukri akamshusha mtoto. Kisha akasema maneno mengi, ameinamisha uso, na katika hukumu ile Abshiro hakupata hata neno moja. Ikabidi aitazame mikono. Mikono ikachomoa mwiba. Ikamfunga mtoto mgongoni kwa shuka, fundo juu ya fundo, na Abshiro akajua hataachiwa mtoto tena. Akalia pale pale, bila kujificha.

Asubuhi Shukri alikuja, mtoto mgongoni, ameshika ukanda uliotafunwa. Ncha moja akaifunga kiunoni mwake. Ya pili akaifunga kwenye mkono wa mama mkwe, taratibu, kama afungwavyo mtoto. "Ayeyo," akasema, akimkabili ili midomo ionekane. "Bibi. Twende."

Wakaondoka pamoja kwenda kisimani. Abshiro aliona haya, alishukuru, na bado aliogopa. Njiani akauvuta ukanda kidogo. Ukavutwa. Safari hii aliinua macho kutazama ni nani.