Ng'ombe Thelathini na Nane wa Kalenga

Waliokuwepo Kalenga mwaka ule wa 1976 wanaapa kwamba ng'ombe wa Shigela walinenepa hata ardhi ikainama upande waliposimama. Shigela aliwaswaga ishirini kutoka Usangu, mahari ya Damari binti Kalinga, msichana aliyekuwa fundi wa redio kule Ilomba. Na kwa kuwa ukoo wa Shigela hauhesabu mifugo kwa kidole, eti fisi wanasikia, Damari alileta mashine aliyoiunda mwenyewe: taa, jicho la umeme, na ubao wa chipu mpya zenye kasi. Ng'ombe akikatiza mwanga, namba inapanda.

Wakapita. Namba ikawaka: 38.

"Mkwe, una moyo!" Mzee Kalinga akashangilia.

"Baba mkwe, ni ishirini," Shigela akasema.

"Unabishana na mashine? Hao kumi na nane wengine umewaficha wapi? Mpaka watokee, ndoa hakuna!"

Damari akaiinamia mashine. Akaufungua ubao. Shida aliijua: ishara inakimbia kwenye njia ndefu ya shaba, inagonga mwisho, inarudi kama mwangwi, na chipu yenye masikio mepesi inahesabu ng'ombe pamoja na mwangwi wake. Dawa ni rezista, kidude cha kuzuia umeme, pale pale ishara inapoanzia, iumeze mwangwi ukirudi. Lakini ya ukubwa gani?

Akatia ya omu kumi: ng'ombe ishirini na saba. Akatia ya mia nne na sabini: ishara ikachoka njiani, ng'ombe watatu.

"Sasa unawala!" mzee akamfokea Damari.

Damari akaacha kubahatisha. Njia ile inataka omu mia hivi. Chipu yenyewe tayari ina thelathini hivi.

"Imebaki sabini," akanong'ona, akachagua ya sitini na nane, yenye mistari ya bluu, kijivu, nyeusi. Akapasha chuma kwenye jiko la mama yake, akalehemu.

Ng'ombe, wamechoka kuposa, wakapita. Ishirini!

"Tena," mzee akaamuru.

Ishirini na moja.

Damari akakikimbilia chuma. Mama yake, Lea, akamshika mkono, akaonyesha kwa mdomo: nyuma ya ng'ombe mwekundu ndama alikuwa akiyumba, bado ameloa.

Mzee Kalinga akachuchumaa, akamkodolea macho. Kicheko kikamshinda.

"Huyu wala sikumdai," akasema. "Mama Damari, leta ulanzi tunywe. Mkwe, kaa."