Mstari wa Matoka

Niliporudi Giakanja na furushi langu la nguo, kitu cha kwanza kuniudhi kilikuwa ni Ngugi. Huyu ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu Mwai, na shamba lake limepakana na langu. Nilimkuta ndani ya boma langu akimwagilia maua. Ngugi! Mtu ambaye sukuma wiki yake mwenyewe hukauka akiitazama. Alikuwa na mkebe uliotobolewa matundu, na miguuni pake palikuwa na ndoo ya samadi.

"Karibu nyumbani, Mama Wendy," alisema. "Dada yako huko Othaya ako aje? Alitoka hospitali?"

Nilikuwa nimeona anachomwagilia. Yalikuwa matoka.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Itoka ni ua tu, lina majani marefu na tunguu chini ya udongo lisilokufa hata likipigwa jua msimu mzima. Wazee walipogawa mashamba walilipanda mipakani. Waya huibwa na nguzo huliwa na mchwa, lakini itoka hubaki palepale. Ramani za huku zilifuata mistari hiyo, na mpaka ukizozaniwa, swali la kwanza huwa ni hilo: matoka yako wapi? Hayasogezwi ila wazee wakiwa wameketi. Anayeyang'oa kwa mkono wake, peke yake, husemwa kwamba udongo utamdai uhai wake. Mimi ni mama wa kanisa na nina kitambaa changu cha kichwa cha Jumapili, kwa hiyo sisemi ninaamini. Nasema tu kwamba tangu niolewe hapa sijamwona mtu akiling'oa.

Sasa yangu yalikuwa yamehamishwa. Yalisimama kwa mstari mzuri ulionyooka, kutoka barabarani hadi kwenye vyumba vya kupangisha vya binti yangu Wendy, mbali na mpaka wa zamani. Upande ule mwingine wa mstari, upande wa Ngugi, lilikuwa kaburi la Mwai.

Nilimwita Wendy kwa sauti iliyowatoa wapangaji nje.

"Mum, si ni maua tu?" aliniambia. "Huko yalikuwa yamekaa zigizagi. Watu wa kupanga wanataka pakingi, wanataka mahali panakaa poa. Nikaambia kibarua ayatoe ayapange hapa. Hata Anko alinisifu. Ati nimefanya kazi safi, na yeye ndiye analeta mbolea."

"Wewe mwenyewe uliyagusa?"

"Na hizi kucha?" Akacheka, akaninyooshea vidole vyake vilivyopakwa rangi. Nilimshukuru Mungu kwa hizo kucha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Sitamlaumu sana. Wendy alikulia bwenini na Nairobi, akarudi kazi ilipoisha, akakuta kijiji si kijiji tena. Pale Mwai alipokuwa na kahawa sasa pana vyumba, na juu ya kila mteremko ukitazama utaona gorofa la mawe likichungulia katikati ya migomba. Wanafunzi wanatafuta vyumba, wafanyakazi wa Nyeri mjini wanatafuta vyumba, na kila mwenye shamba amegeuka landilodi au dalali. Ngugi alikuwa ameuza lake kipande baada ya kipande, akabaki na ukanda mmoja mwembamba. Mtu mmoja mwenye hosteli alikuwa akiutamani ukanda huo kwa gorofa, ila alilalamika kwamba hautoshi upana. Ngugi alikuwa akihitaji hatua chache tu, na mtoto wangu alimpa akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Nilichukua jembe. Nilipoinama tu juu ya tunguu la kwanza, nikasikia Ngugi nyuma yangu.

"Shika tu, Mama Wendy. Ng'oa." Alikuwa ameinua simu yake, ananirekodi. "Wacha watu waone venye mjane wa ndugu yangu anahamisha mpaka mchana kweupe. Savea anakuja Ijumaa na mnunuzi. Nitawaonyesha."

"Unajua vizuri mpaka ni wapi, Ngugi. Ndugu yako amelala pale."

"Ndugu yangu amelala kwangu. Kuna makosa gani ndugu kulala kwa ndugu?" Alitabasamu. "Na wakianza kuchimba msingi tutamtoa pole pole. Kuna watu wa hiyo kazi siku hizi."

Nilirudisha jembe begani.

Nikaenda kwa mzee Gathogo, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika wale walioshuhudia mpaka ule ukipandwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna shavu.

"Mimi najua mpaka," alisema. "Lakini nikiketi na wazee, wataniuliza ni nani alitoa matoka. Kibarua hatujui ni wa wapi. Itabidi nitaje aliyemtuma. Unataka nimtaje Wendy, mbele ya mbuzi wa kiapo na mbele ya wazee? Jina ikitajwa hapo, hairudi, udongo unaishika."

"Hapana," nilisema haraka.

"Basi mimi nitanyamaza. Na wewe usiyaguse, mama. Tafadhali."

Hivyo ndivyo nilivyofungwa. Ili Mwai abaki kwangu, ilinibidi nimtoe binti yangu. Nilitembea kurudi nyumbani nikimtukana Ngugi kwa Kikuyu chote nilichofundishwa na mama mkwe, na alikuwa amenifundisha kingi.

Alhamisi asubuhi nilianza kuchimba. Sikugusa itoka hata moja. Nilichimba ubavuni mwa Mwai, mahali ambapo mke hulazwa, kwa urefu wangu na upana wangu. Huku kaburi huchimbwa na wanaume, tena mtu akishakufa, kwa hiyo majirani waliopita barabarani waliharakisha bila kunisalimu. Wendy alilia. "Mum, unafanya nini? Mum, toka huko!" Nilimwambia aende akapike. Udongo wetu ni mwekundu na mlaini, na hasira ilinipa nguvu za msichana.

Ijumaa gari la mnunuzi lilipofika nilikuwa bado ndani ya shimo. Alishuka na mpimaji, viatu vikiwa safi, Ngugi akiwatangulia huku akionyesha mstari wa matoka. Kisha mnunuzi akaniona kichwa.

"Na hiyo ni nini?" aliuliza.

"Ni kwangu," nilimjibu. "Jenga tu. Nitakuwa hapo chini ya ngazi, mimi na mzee wangu."

Alilitazama lile shimo, akatazama msalaba wa simiti, akarudi nyuma kama aliyekanyaga siafu. Alimwambia Ngugi hawezi kuweka watoto wa watu kulala juu ya kaburi lililo wazi, ampigie mwingine. Gari likageuza. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka machozi yakanitoka.

Ngugi hakukasirika, na hilo ndilo lililonikatiza kicheko. Alikuja akachuchumaa ukingoni.

"Umeshinda, Mama Wendy," alisema kwa upole. "Lakini unajua kaburi ikishachimbwa haifungwi tupu. Lazima ipewe kitu."

"Najua. Nitaipa mgomba."

Ndivyo tunavyofanya. Shimo likikosa mwenyewe, huzikwa shina la mgomba mahali pake, na udongo hutulia. Nilitoka, nikachukua panga, nikateremka hadi kwenye migomba upande wa mto. Nilichagua shina nene, nikalikata, nikalipandisha mlimani begani huku maji yake yakinichuruzikia shingoni. Nilikuwa na furaha. Nilipanga kumwomba Gathogo sasa aketi kimya kimya, aseme kibarua alikosea, bila kutaja jina.

Nilipofika juu, jua likishuka, mstari wa matoka haukuwepo.

Ulikuwa umerudi mpakani, zigizagi ileile ya zamani, kila tunguu katika shimo lake. Ngugi alikuwa amesimama kando na simu yake. Hakuwa amemzuia aliyeyarudisha. Na Wendy alikuja akinikimbilia, udongo mwekundu hadi viwikoni, kucha zote zimevunjika, uso ukimng'aa kwa furaha.

"Nimeyarudisha, Mum! Yote, na mikono yangu. Nilijua ndiyo inakuuma. Sasa Daddy ako kwetu, ama?"

Nilitafuta kwa macho mzee hata mmoja aliyeketi; alikuwepo Ngugi tu na simu yake.

"Wacha nikusaidie na hiyo," alisema, na kabla sijaushusha mgomba alikuwa amerukia ndani ya shimo. Alisimama pale chini, akaninyooshea mikono yake yenye udongo wa matoka. "Nipitishie, Mum, niilaze vizuri."

Shimo nililokuwa nimelipima kwa mwili wangu lilimfika mabegani. Upande wa pili, Ngugi alizima simu, akaitia mfukoni, akavua kofia.