Jioni Arobaini na Tatu

Mzee Castory alihesabu kurasa mara ya tatu, akilamba kidole kila alipofika kumi, na hesabu ikabaki ileile. Riwaya aliyoiandika kwa mkono kwenye madaftari sita ilikuwa imepungua. Sura ya kumi na moja, iliyomchukua mwaka mzima, sasa ilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

"Sikudhani, mwanangu," alisema polepole, maana hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Jioni zangu ziko wapi?"

Sikudhani, binti wa Kondoa aliyekuwa akichapa kazi za wanafunzi kibandani kwake pale Chimwaga, hakubandua macho kwenye kompyuta. "Nimekusafishia, mzee. Ulikuwa unarudiarudia. Mama anapika, anampakulia mwanawe aliyekwenda vitani, anafunika, analala. Kesho yake anapika tena, anapakua tena. Wanafunzi wakiniletea hivyo nafuta, wasije wakarudishwa na walimu wao."

"Mimi si mwanafunzi."

"Ndiyo maana sikukusuta."

Castory alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Miaka thelathini ya ufundi wa pampu za maji huko Mkonze ilimfundisha kwamba kitu kikigoma hukipigi nyundo, unakifungua skrubu mojamoja. Leo aliitamani nyundo.

"Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha," alieleza. "Malori yanarudisha vijana, watu wanapiga ngoma. Kefa wa shangazi yangu harudi. Tangu lori la kwanza mpaka siku balozi wa nyumba kumi alipoleta habari kwamba amekufa, ni jioni arobaini na tatu. Shangazi Loisi alinipa ruhusa ya kuandika, ila akasema nisiruke hata moja. Jumamosi namsomea. Ana miaka themanini na minne. Nimwambie nini, kompyuta imezila?"

"Basi nakopi moja, napesti mara arobaini na tatu. Dakika mbili tu."

"Hazifanani!" Sauti ilimtoka hadi mwanafunzi aliyekuwa mlangoni akageuka. "Umezisoma?"

"Nimesoma tatu."

"Ya tisa ina nyama, mbuzi wa jirani alivunjika mguu. Ya kumi na sita mlenda hauna chumvi, mwenye duka alikwenda mjini kusherehekea ushindi. Ya thelathini ana homa, anasonga ugali amekaa chini."

"Msomaji atachoka, mzee."

"Achoke! Shangazi hakuchoka?"

Sikudhani aliguna, akavuta daftari la nne, akaanza upya. Safari hii alisoma. Wanafunzi walikuja, akawaambia wasubiri. Castory alikaa kwenye benchi akimtazama kama anayelinda mtungi. Alipofika jioni ya kumi na moja vidole vikasimama.

"Hapa sielewi. Kila asubuhi bakuli li tupu. Nani anakula?"

"Chapa."

"Umeeleza mpaka chumvi, hili umelipita. Ni mbwa?"

"Hatukuwa na mbwa."

"Sasa nani?"

Alitaka kumwambia afunge mdomo achape. Miaka yote aliyoandika, hakuna aliyemuuliza, naye alikuwa amejisadikisha kwamba hakuna atakayeuliza.

"Mimi," alisema.

Mguu mbovu ulimnusuru asichukuliwe jeshini. Kefa, rika lake, akaenda. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba. Asubuhi ya kwanza Castory alipita kwa shangazi, akaona chakula kimelala, akala, akinuia kusema. Kabla hajafungua kinywa shangazi akatoka, akaliona bakuli, akamshika mkono. "Amekuja," alimnong'oneza. "Ametoroka jeshini, anaogopa kuonekana mchana. Usimwambie mtu." Asubuhi ya pili Castory alikula kwa sababu hakujua angeachaje. Kufika ya kumi hakuwa na njaa tena, lakini alikula.

"Kumbe ndiyo maana unazijua ladha," Sikudhani alisema taratibu. "Naye anajua?"

"Balozi hakuwa na tarehe ya kifo. Mpaka leo shangazi anasema mwanawe alikula kwake kwanza, ndipo akafa."

"Tuache kama ilivyo, basi. Ni bibi wa watu."

Castory aliikunja miwani, akaikunjua. Riwaya nzima aliwalaumu waliopeleka vijana wa watu kufa. Wala hakukosea. Lakini mtu mmoja hakumgusa.

"Rudi asubuhi ya kwanza," alisema. "Andika jina langu."

Jumamosi alimsomea shangazi kitandani kwake, bila haraka. Alipofika penye jina lake hakutua, aliogopa kwamba akitua hataendelea. Alimaliza kusoma asubuhi ile, akaweka kurasa magotini.

Loisi aligeukia ukutani. Chai ikapoa. Nje kuku walipekua, wakaondoka. Castory aliona bega la yule mama likipanda na kushuka, asijue kama analia au anapumua tu, na hakuthubutu kuligusa.

"Ya pili," shangazi alisema bila kugeuka, "nilipika nini?"

"Ugali wa uwele, shangazi. Na mlenda."

"Soma."