Jibu la "Uko Poa?"

Letebrhan alifundisha Kiingereza mjini Keren, Eritrea, mpaka akaota mvi. Kwa hiyo mwanawe Filmon alipomchukua wakaishi wote Bradford, Uingereza, hakuiogopa lugha. Aliogopa baridi tu.

Filmon alikuwa dereva wa lori. Akiondoka, siku zinapita hajarudi. Mama akabaki kutazamana na kuta. Aliyemsemesha alikuwa jirani mmoja tu, bibi wa Kiingereza aitwaye Doreen, aliyetoka kila asubuhi akikokota kikapu cha magurudumu.

"Uko poa, kipenzi?"

"Nakushukuru kwa kunijulia hali, Bibi. Kwa bahati mbaya, usiku uliopita sikujaliwa kupata usingizi, kwa kuwa viungo vyangu..."

Doreen akamkodolea macho. "Maskini wee! Haya, tuonane baadaye."

Baadaye! Letebrhan akarudi ndani mbio. Akakaanga buni, akaisaga, akatenga kahawa jikoni na kumimina bisi kwenye sinia. Akajitanda shela yake nyeupe, akaketi kuelekea mlangoni. Kahawa ikapoa. Akaipasha. Ikapoa tena.

Filmon alipopiga simu jioni, alicheka mpaka akakohoa. "Mama jamani! Hiyo ni kwaheri tu. Hakuna mtu anayekuja."

Letebrhan naye akacheka, ili mwanawe asiisikie huzuni sautini mwake. Kisha akazitafuna zile bisi peke yake.

Akajiandikisha darasa la Kiingereza la wageni kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu, kijana aitwaye Callum, alimsikiliza akijitambulisha, akatabasamu.

"Bi Letebrhan, unaongea kama hakimu anayesoma hukumu. Mtaani ukiulizwa uko poa, sema, 'Poa, wewe je?' Basi, unapita."

"Nipite kabla hajanijibu?"

"Hata yeye hangoji jibu."

Alijifunza kukata maneno na kuyameza nusu, makosa yaleyale aliyokuwa akiwasahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu. Asubuhi moja akajaribu.

"Uko poa, kipenzi?"

"Poa, wewe je?"

"Poa!" Doreen akapita bila hata kupunguza mwendo.

Letebrhan akabaki kizingitini. Alikuwa amepatia kila kitu. Zamani, alipokuwa akikosea, angalau yule bibi alisimama.

Majira ya baridi yalipoingia, alimkuta Doreen kwenye mapipa ya taka, amevaa ndara kwenye theluji, macho mekundu.

"Uko poa?" akamuuliza.

"Poa, kipenzi."

Letebrhan hakupita. Akatafuta neno la mtaani la kusema, akalikosa. Akarudia Kiingereza chake cha Keren.

"Bibi Doreen, niwie radhi. Siamini kwamba umenijibu ukweli. Ningeomba unieleze yaliyokusibu."

Doreen akaegemea pipa. "Ni dada yangu. Kafa juzi. Sijamwambia mtu. Nimwambie nani?"

Wakaingia jikoni kwa Doreen. Bibi yule alizungumza upesi upesi, kwa lafudhi nzito na machozi, na Letebrhan aliambulia nusu ya maneno. Hakumkatiza. Alimshika mkono mpaka ukapata joto.

Baada ya mazishi, binti yake Doreen, aliyeishi mji wa mbali, akaja na gari kumchukua, akahama naye. Nyumba ile wakapanga vijana waliotembea na vipokea sauti masikioni. Letebrhan aliwasalimia siku ya kwanza, na ya pili. Hawakumsikia.